Jicho la Karani wa Mnada

Jumamosi, 15 Juni 2024

Ryoba amekufa. Kaka yangu. Jana saa kumi na moja jioni, kwenye njia ya kutoka lambo la kunyweshea ng'ombe.

Naandika kwa sababu nikifumba macho naona, nikifumbua naona. Labda ikishuka kwenye karatasi itaniachia.

Nilifika nyumbani Mugeta Alhamisi. Niliomba ruhusa ya siku tatu kazini nije nisaidie kuchuma pamba. Jana jioni nikamfuata Ryoba tukarudishe ng'ombe. Alikuwa ananitania — eti huko Bunda nimezoea kuandika ng'ombe kwenye karatasi, kuswaga nimesahau. Nilikuwa nacheka. Hiyo nakumbuka, kwamba nilikuwa nacheka. Wakatoka watu kwenye shamba la pamba. Wanne. Au watano. Mmoja akamwendea Ryoba moja kwa moja na panga. Panga refu, ncha imepinda kidogo, mpini umezungushiwa mpira mweusi wa baiskeli. Nikiambiwa nilichore, nitalichora hadi kutu. Aliyelishika sikumwona. Kama alikuwa na uso, sijui ulikuwa wapi.

Likapanda. Likashuka. Basi.

Naambiwa nilipiga yowe. Masikio yangu yalikuwa yameziba, sikujisikia. Kwetu yowe likipigwa kila mji, kila kaya, unatoa mwanaume, na mwanaume anakuja na silaha mkononi, hakuna kuuliza kuna nini. Wakaja. Mimi nilikuwa chini. Kuna mmoja alinifikia kabla ya wote. Shati la bluu, kola imechanika upande mmoja, kovu juu ya jicho la kushoto, jasho linamtiririka. Aliweka panga lake kwenye nyasi, akanimwagia maji usoni. Pumua dada, pumua. Halafu akaenda kumpakata Ryoba kichwa, damu yote ikawa kwake. Wengine walikuwa wameshapita mbio kufuata nyayo za ng'ombe. Simjui ni nani. Sijamshukuru.

Ng'ombe kumi na tisa wameenda. Nani anajali ng'ombe.

Jumanne, 18 Juni 2024

Tumemzika karibu na zizi, baba ndivyo alivyotaka. Zizi tupu.

Watu wote wananiuliza. Umewaona? Walikuwaje? Wajomba, wanakwaya, hadi wanaopika. Nikisema sikuona nyuso wanaangalia pembeni. Baba aliniuliza mara moja tu, taratibu. Nilipojibu aliinamisha kichwa. Nimeona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyemuua.

Jumatatu, 24 Juni 2024

Nimemwona!

Afande Yakobo, mpelelezi wa kesi yetu, alinipigia asubuhi. Kuna mtu wamemshika, kibarua wa kuchuma pamba, ametokea Kisorya, pale kijijini hajulikani vizuri. Walimkuta anafua shati lenye damu. Anasema eti aliitikia yowe, lakini hakuna mji hata mmoja uliokubali kwamba ni mtu wao. Nikaambiwa niende kwenye gwaride la utambulisho, nitazame bila haraka, hakuna wa kunigusa.

Wanaume tisa wamesimama ukutani. Nikampita wa kwanza, wa pili, wa tatu — moyo ukaruka hadi kooni. Kovu juu ya jicho. Nikamgusa bega kama nilivyoelekezwa. Mwili wangu ulimjua kabla yangu mimi. Ndiye.

Alifungua mdomo. Akasema "Dada..." wakamwambia anyamaze. Ana roho ngumu kweli, kuniita mimi dada!

Kwenye maelezo nimeeleza yote. Shati la bluu, kola iliyochanika, kovu, jasho, panga. Yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine. Kumbe yote yalikuwemo kichwani, zile siku za kwanza nilikuwa nimechanganyikiwa tu. Anaitwa Mwandu.

Nilipomwambia baba alinishika mikono yote miwili. Hajawahi kunifanyia hivyo tangu nizaliwe. Leo nitalala.

Jumatano, 17 Julai 2024

Hata kama nina msiba, leo lazima niandike. Kazi yangu siku ya mnada ni moja: mtu analeta ng'ombe, mimi naandika kwenye kibali — jike au dume, rangi gani, pembe zikoje, chapa iko wapi. Miaka sita nafanya hiyo. Leo nimeinua kichwa, kundi la ng'ombe kama sitini linapita, nikaona mgongo. Mgongo tu. Nikasema yule ni mtamba wetu. Mwenye kundi akawaka: ana karatasi, amenunua kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mtu. Nikamwambia mgeuze sikio la kushoto, kwa nyuma kuna doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Wakageuza. Lipo. Tumepata wawili wetu, ingawa waliowaiba wamepotelea hukohuko kwenye karatasi za watu.

Baba alikuja kuwachukua. Aliwaambia wote waliokuwepo: "Huyu mtoto akiona kitu hakoseagi." Nilirudi chumbani kwangu shingo juu. Mimi ninayemjua ng'ombe kwa mgongo, nitashindwaje mtu niliyemwona uso?

Jumapili, 9 Machi 2025

Kesi imepelekwa Mahakama Kuu, itasikilizwa Musoma. Tusubiri kuitwa. Mwandu anaingia mwezi wa tisa mahabusu. Namwombea mabaya, naenda kanisani kutubu, nikirudi namwombea tena.

Nimeota tena. Siku hizi ndotoni yule mwenye panga ana uso wa Mwandu, waziwazi, na kovu lake. Zamani ndoto haikuwa na uso. Niliamka naitafuta pumzi.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Balaa mnadani. Dume lilikata kamba likaingia kwenye watu. Lilikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Likakwepa dakika ya mwisho, likamkanyaga mama Scholastika anayetuuzia chai, amevunjika mguu, yuko hospitali. Lenyewe likaishia vichakani. Mimi ndiye karani na mimi ndiye lililonijia usoni, wakaniambia niandike sura yake litafutwe. Nikaandika: dume jeusi tii, pembe mbili ndefu zimeelekea mbele. Nikasaini.

Saa tisa wakalileta. Jekundu. Tumbo jeupe. Pembe moja imekatika, kimebaki kisiki.

Nikawaambia siyo hili. Wakacheka. Mwenyewe akaja akasema ni lake, watu hamsini wakasema ndilo. Nikabishana nao! Nilibishana hadi machozi yakanitoka kwa hasira, kwa sababu mimi nililiona jeusi. Hata sasa ninavyoandika bado naliona jeusi.

Dorah, mwenzangu wa mezani, alinivuta pembeni. Akasema aliniona dume lilivyokuwa linakuja, nilikuwa nimezikodolea macho pembe tu, sikuwa naangalia kitu kingine duniani. Akasema mtu akitishika macho yanang'ang'ania kile kinachotaka kumuua, vingine kichwa kinavijazaga chenyewe baadaye. Alikuwa anatania ili nitulie. Kisha akauachia mkono wangu. Tuliangaliana. Nadhani tuliwaza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikabeba mkoba nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Sikwenda kazini. Nimerudi kwenye kurasa za mwaka jana. Sijawahi kuzisoma tangu nilipoziandika.

Tarehe 15 Juni, mwandiko wangu: aliyelishika sikumwona. Mwenye kola iliyochanika ni yule wa maji. Mwenye kovu ni yule wa maji. Yule niliyesema sijamshukuru.

Tarehe 24 Juni nimechukua kila kitu chake nikampa yule mwingine.

Nimesoma mara nne, tano. Ee Mungu wangu. Pale kwenye gwaride moyo uliruka kwa sababu nilimjua — ni kweli nilimjua! — lakini nilimjua kwa sababu ya maji. Hofu ya siku ile niliibeba yote kapu moja. Aliyemuua kaka yangu na aliyenipa pumzi wamelaliana humohumo.

Lakini kuna saa najishawishi. Labda siku ya kwanza ndiyo nilikosea, labda gwaride ndilo sahihi. Nikifumba macho namwona Mwandu anainua panga, namwona kabisa, hadi jasho. Nimwamini nani? Macho yangu au daftari langu?

Jumapili, 25 Mei 2025

Nimetoka ibadani nikakuta mwanamke ananisubiri mlangoni kwangu. Mwembamba, mtoto mgongoni, ndoo ndogo ya dagaa mkononi. Alinisalimia vizuri. Akasema anaitwa Dorkas, ametoka Kisorya alfajiri. Ni mke wa Mwandu.

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi. Alikaa kwenye kigoda akanyonyesha — huyo mtoto amezaliwa baba yake yuko ndani, hajawahi kumpakata. Hakuniomba chochote. Alisema hakuja kunigeuza, kesi ni ya serikali na yeye mambo ya kesi hayajui. Ila mume wake kila akienda kumwona anamuuliza jambo lilelile, akaona bora aje apate jibu.

"Anauliza kama ulipona. Anasemaga siku ile pumzi ilikuwa imekukata, alidhani umeondoka na kaka yako."

Nikasema nilipona. Akasema haya, nitamwambia. Dagaa nilizikataa, akaziacha hapo kizingitini akaenda kuwahi gari.

Sijazipika. Sijazitupa. Nimekaa nazo humu ndani nalia kama mwehu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwaka mmoja. Tumesali nyumbani Mugeta. Mama alipika, hakula. Baba akawaambia wageni kesi iko karibu na shahidi wake amekamilika, wakageuka wote kuniangalia. Natamani ardhi ingepasuka. Ryoba angekuwa na miaka thelathini na moja.

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimekaa Mugeta wiki nzima, baba anadhani ni kwa ajili ya pamba. Nimekuwa nauliza mji kwa mji, taratibu, kama mtu anayepiga soga. Mwaka jana nani alikuwa na vibarua wa Kisorya? Leo nimefika kwa Mzee Mayala, ng'ambo ya lambo. Shamba lake ndilo lililo karibu zaidi na pale.

Alianza kwa kunifukuza. Kisha akanirudisha.

Ni yeye aliyekuwa na Mwandu. Alisikia yowe langu. Mguu wake wa kulia mbovu tangu zamani, hawezi kukimbia, na watoto wake wa kiume wote wako Mwanza. Akamwambia kibarua wake nenda badala yangu, beba panga langu. Panga la mpini wa mti, akanionyesha jingine la pea yake. Hakuna mpira wowote. Mwandu akakimbia. Ndiyo maana alifika wa kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kama mtoto mjinga. Kwetu yowe anaenda mwenye mji mwenyewe, au mtoto wake wa kuzaa. Ukituma kibarua akafe badala yako wazee hawakuachi. Unatengwa. Siku ukipiga yowe wewe, hakuna atakayekuja. Sasa mtu wa miaka sabini na mbili, mguu mmoja, anaishi peke yake na mke wake kando ya njia ya wezi. Alikaa kimya siku ya kwanza kwa aibu. Siku ya pili akasikia Mwandu ameshikwa na damu, akaogopa itajulikana panga ni lake. Siku ya kumi akasikia nimemtambua.

"Mimi nilikuamini wewe," akasema. "Nikajua basi, kumbe nilikuwa nimefuga muuaji. Wewe si ndiye hukoseagi?"

Nikamwomba aje Musoma akaseme. Akasema nikimtaja atakataa. Alikuwa analia. Mimi pia nilikuwa nalia, tumekaa pale wawili tunalia, na Mwandu yuko ndani mwaka wa pili.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Samansi ya mahakama imefika. Jumatano, tarehe 10 Septemba, Musoma. Shahidi wa kwanza: Yunis Wambura. Mimi.

Nimepunguza kilo sita. Dorah anasema niwaambie tu ukweli. Ni rahisi kusema ukiwa na kaka zako wote wazima.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimemwambia baba.

Nilimkuta zizini anakamua. Ng'ombe wawili ndio waliobaki, walewale niliowaona mnadani. Nikamweleza dume jeusi lililogeuka jekundu. Nikamweleza daftari. Nikamsomea ule ukurasa, kola, kovu, maji. Kuhusu Mayala nilisema tu kuna mtu alimtuma Mwandu kwenye yowe, jina nikalimeza, kwa sababu baba angeenda kwake hapohapo. Hakunikatisha. Aliendelea kukamua hadi maziwa yakaisha, mikono ikawa inavuta chuchu tupu.

Nilidhani atapiga kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo hivyo.

"Ukimtoa huyo, unaniachia nani?"

Sina mtu mwingine wa kumpa. Yule mwenye panga la mpira wa baiskeli anatembea mahali fulani, labda tumeshapishana naye mnadani, labda nimeshamwandikia kibali, na sitamjua. Baba mwaka mzima alikuwa na uso mmoja wa kuuchukia na huo uso ndio ulikuwa unamsimamisha asubuhi. Nimemnyang'anya. Akaniambia mama asijue, kisha akabeba ndoo akaingia ndani, maziwa yanamwagika njiani.

Nampenda baba yangu. Nataka iandikwe mahali, hata kama ni humu tu.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Musoma. Nyumba ya wageni karibu na stendi. Baba na mama chumba cha pili. Tulipita Butiama kumchukua shangazi Jenoveva, ameingia na chupa ya uji na mkate, akanishika kidevu mbele ya abiria wote akasema mwanangu kesho utaongea kwa niaba yetu sote. Nikasema ndiyo shangazi.

Mchana tulionana na wakili wa serikali. Kijana mpole, ana mafua. Alinisomea maelezo yangu ya mwaka jana, neno kwa neno, shati, kola, kovu. Ajabu — yakisomwa na mtu mwingine naamini! Naona kila kitu kinapita mbele yangu, hakuna penye kasoro. Akaniuliza kama ndivyo ninavyokumbuka na kama nina uhakika. Baba alikuwa amekaa pale, kofia mapajani, hanitazami.

Nilisema ndiyo.

Ndiyo! Nilikwenda na daftari kwenye mkoba nimeliwekea alama, nimejiandalia sentensi tangu Bunda, na mdomo umesema ndiyo. Wakili akaandika. Baba akavuta pumzi ndefu. Njiani alininunulia soda, kama nilivyokuwa mdogo.

Najichukia.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Saa tatu kasoro. Korido ya mahakama, benchi. Naandika nikisubiri kuitwa. Tumeambiwa jaji ameshafika. Baba na shangazi wameshaingia ndani kuwahi nafasi. Mama amekataa kuingia, amesema atakaa na mimi hadi niitwe.

Wamempitisha Mwandu sasa hivi, askari wawili. Amekonda, shingo imekuwa kama ya mzee. Nilitaka kuangalia sakafu nikashindwa. Kovu liko pale pale. Alipotufikia akapunguza mwendo. Akamwangalia mama, siyo mimi.

"Shikamoo mama. Pole kwa mtoto."

Mama akaitika, "Marahaba mwanangu." Ilimtoka tu, kwa mazoea. Wakampeleka. Mama amebaki anautazama mlango alioingilia.

Nimeamua. Nimeamua, nimeamua. Nikipanda kizimbani nitasema sikuona uso. Nitatoa daftari. Waniulize wanachotaka, wanicheke mnada mzima, baba asiniongeleshe hadi nife. Huyu mtu alinimwagia maji.

Mama ameanza kuongea. Mama ambaye tangu mwaka jana anaongea kwa kuhesabu. Anasema Jumapili alikuwa nyuma ya zizi anaokota kuni, alisikia yote. Anasema hana ugomvi. Ukweli nikauseme, hata yeye hawezi kula akijua mtoto wa mwenzake ameozea ndani bure. Nikamshika mkono. Nilidhani amemaliza.

Hakumaliza. Anasema siku ya mazishi, wamemshika ili asianguke kaburini, mimi nilimnong'oneza sikioni kwamba Ryoba kabla hajakata roho aliita. Alisema "Mama". Anasema ndicho anachoishi nacho. Asubuhi anaamka nacho, akichota maji anacho. Hajawahi kuniuliza mara ya pili kwa kuogopa kukichakaza.

"Sasa Yunis. Hilo nalo ulilisikia, au ni hofu?"

Nimefungua daftari. Tarehe 15 hamna. Tarehe 18 hamna. Sikuandika popote. Lakini naisikia! Naisikia sauti yake hadi leo, safi kabisa, "Mama", imekatika katikati. Safi kama ninavyomwona Mwandu ameinua panga.

Sijui. Sijui, sijui, sijui.

Mkono wangu wa kushoto ameushika yeye. Wa kulia unaandika, ananiona naandika, anadhani natafuta kwenye kurasa. Karani ametoka mlangoni na karatasi, anaangaza korido. Mama hamwoni. Ananiangalia mdomo.